Benchi la Ufundi: Timu inapofungwa kila wiki, mwalimu aanzie wapi?

Barua za mwezi huu zimetoka kwa makocha, viongozi na wachezaji wa timu ambazo hazijafukuzwa ligi wala kuvunjika, ila zimeanza kuingia uwanjani zikiwa zimeshafungwa. Tumezifupisha na kuondoa majina ya timu. Majibu ni ya jopo letu la makocha.

Nafundisha timu ya ligi ya mkoa. Tumepoteza mechi sita mfululizo, tumefungwa magoli 14 na kufunga matatu. Vijana wanachelewa mazoezini, na kwenye gari la kurudi hakuna anayefungua mdomo. Mwenyekiti anataka tumlete mhamasishaji azungumze nao kabla ya mechi ya saba. Itasaidia? (Mwalimu, Morogoro)

Itasaidia mpaka mtakapofungwa goli la kwanza. Mhamasishaji mzuri anaweza kuwapandisha mzuka kuanzia chumbani hadi dakika ya ishirini, lakini kona ile ile ikiingia kwa njia ile ile, mzuka unayeyuka na maneno yake yanageuka kichekesho. Mchezaji hakati tamaa kwa kukosa maneno matamu. Anakata tamaa akishaona kwamba ajitume asijitume, matokeo ni yale yale. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kumwonyesha sehemu moja ambayo akijituma, kitu kinabadilika.

Chukua daftari. Kwa kila goli kati ya hayo 14 andika mambo manne: dakika, mpira ulianzia wapi (kona, faulo, mpira wa kurusha, tulipokonywa katikati, pasi mbovu ya nyuma), nani alikuwa karibu na mfungaji, na matokeo yalikuwaje wakati huo. Huna video? Kaa na msaidizi wako, kipa na mabeki wawili wa kati. Kwa nusu saa mtayakumbuka yote, maana goli la kufungwa halisahauliki upesi. Mara nyingi yatajikusanya sehemu mbili, pengine tatu. Tuseme sita yametokana na kona na faulo, manne yameingia baada ya dakika ya 75, yaliyobaki yametawanyika.

Sasa chagua moja tu. Hapa ndipo makocha wengi wanapojikwaa: ndani ya wiki moja wanabadilisha mfumo, nahodha, kipa na nafasi za wachezaji watatu. Timu ikishinda, hakuna anayejua kilichosaidia. Ikifungwa, wachezaji wamepata ushahidi kwamba mwalimu naye amechanganyikiwa, na hilo litakugharimu kuliko pointi tatu.

Kama tatizo ni kona, wapange hivi: mmoja nguzo ya karibu, watatu wanaocheza vichwa vizuri kwenye mstari wa eneo dogo la goli, watatu wa kuwazuia wakimbiaji wa wapinzani wasipate mwendo, wawili ukingoni mwa kumi na nane (eneo la penalti), mmoja juu kabisa. Hao ni kumi, na kipa. Wale wawili wa ukingoni ndio wanaosahaulika kila mahali. Mpira unapigwa kichwa vizuri, unaangukia ukingoni hapo, hapana mtu, unarudishwa wavuni. Halafu lawama anabebeshwa beki aliyeuondoa! Rudieni kona 12 hadi 16 kwa zoezi, upande wa kulia na wa kushoto, na washambuliaji wapigwe marufuku kucheza kwa utani.

Mkicheza Jumapili, wiki iwe hivi. Jumatatu mapumziko. Jumanne kikao cha dakika 15, kisha mchezo mwepesi wa kumiliki mpira. Jumatano ndiyo siku nzito: wanne kwa wanne kwenye eneo la mita 30 kwa 20, vipindi vinne vya dakika nne, katikati dakika tatu za kupumua. Alhamisi kona na faulo, halafu mechi ya dakika 20 ya wote. Ijumaa dakika 45 tu, mazoezi ya kufunga magoli kutoka karibu, ili kila mtu aondoke uwanjani akiwa ameuona mpira wavuni mara kumi. Jumamosi wapumzike, au wasafiri kama ni ugenini.

Kwenye kikao cha Jumanne usianze wewe. Wagawe mabeki na kipa, viungo, washambuliaji. Wape dakika tano, kila kundi lirudi na jambo moja ambalo wao wenyewe watafanya Jumapili. Sharti: hairuhusiwi kutaja kosa la kundi lingine. Andika yale mambo matatu kwenye karatasi, yabandikwe chumbani siku ya mechi. Wewe funga kwa dakika mbili, ukionyesha hesabu ya daftari lako. Vijana wakisikia "magoli sita kati ya 14 ni kona" wanapumua, kwa sababu kona ina dawa. "Hatuna bahati" haina.

Acha kabisa adhabu ya kukimbizana siku inayofuata kipigo. Misuli inahitaji siku mbili hadi tatu kurudi baada ya mechi nzima, kwa hiyo unawachosha kwa ajili ya mechi ijayo. Baya zaidi, mchezaji anajifunza kwamba kosa lina kiboko, na njia rahisi ya kutokosea ni kutoguswa na mpira. Mtazame beki wako wa pembeni: akianza kujificha nyuma ya winga wa wapinzani ili asipewe pasi, ujue ameshajifunza.

Jambo la mwisho ni kupima. Timu inayoburura mkia ikipimwa kwa matokeo peke yake haitaona hatua yoyote kwa wiki kadhaa. Igawe mechi katika vipande sita vya dakika 15. Msaidizi aandike kila kipande: tumeshinda, sare, tumeshindwa, kwa kuangalia magoli, na kama hakuna goli, nafasi za kufunga. Unaweza kufungwa 2-0 ukiwa umeshinda vipande viwili na kutoka sare viwili. Wiki ijayo lengo linakuwa vipande vitatu. Lakini usipike hesabu ili kuwafurahisha. Walikuwepo uwanjani, na siku wakikukamata unadanganya kipande kimoja, daftari lote limekufa.

Tukifungwa la kwanza, la pili linakuja ndani ya dakika tano. Imetokea mara nne msimu huu. Kwa nini? (Nahodha, Tanga)

Kwa sababu baada ya goli kunakuwa na timu mbili ndani ya jezi moja. Washambuliaji wanataka kusawazisha papo hapo, wanapanda. Mabeki wameogopa, wanarudi nyuma. Katikati panafunguka uwanja wa kuchungia mbuzi, na hapo ndipo mpinzani anapopitia.

Wewe kama nahodha weka utaratibu unaojulikana kabla. Mpira ukiingia wavuni, mtu mmoja aliyepangwa (asiwe kipa) anauchukua na kutembea nao, hakimbii. Wengine wanakutana kwenye duara la katikati kwa sekunde kumi. Unasema sentensi moja, ile ile kila mara: "Dakika tano, mstari mmoja." Maana yake: kwa dakika tano hakuna beki wa pembeni kupanda, umbali kati ya beki wa mwisho na straika usizidi mita 35, na mpira wowote wa hatari unatolewa nje. Baada ya hapo mchezo unarudi kawaida. Fanyeni mazoezini: kwenye mechi ya Alhamisi mwalimu apige filimbi ghafla na kutangaza "mmefungwa", mrudie utaratibu mzima. Mara ya kwanza watacheka. Mara ya tatu watakwenda wenyewe kwenye duara.

Mikono nayo. Mchezaji anayerusha mikono kumlaumu mwenzake mbele ya jukwaa anawapa wapinzani nguvu bure. Mwambie chumbani, si pale pale.

Posho za miezi miwili hazijalipwa. Viongozi wanasema "wiki ijayo" tangu mwezi uliopita. Wachezaji watatu wameacha kuja. Mimi ni meneja wa timu, nazungumza nao kila siku lakini sina cha kuwaambia. (Meneja, Mwanza)

Kwanza acha kuzungumza nao kila siku. Kila ukisema jambo lisilo na tarehe unakopa imani ambayo huna uwezo wa kuilipa. "Wiki ijayo" ya nne inaumiza kuliko ukimya.

Dai kutoka kwa uongozi vitu vitatu kwa maandishi: deni lote ni kiasi gani kwa kila mchezaji, fedha iliyopo leo ni kiasi gani, na tarehe ya malipo ya kwanza, hata yakiwa madogo. Kisha mwenyekiti au mhazini mwenyewe aje mazoezini awaeleze. Asitumwe meneja, asitumwe kocha. Kocha anayegeuzwa msemaji wa madeni Jumanne hawezi kumkaripia mtu kwa uzembe Alhamisi. Kikao kisizidi dakika 20, na maswali yajibiwe. "Hatuna kwa sasa, tuna laki sita tu, na tunazigawa hivi" ni jibu ambalo wachezaji wanaweza kuishi nalo. Wameshaishi na mabaya zaidi.

Hizo chache zigawanywe kwa utaratibu unaoonekana. Nauli ya mazoezi na chakula cha siku ya mechi vinatangulia, kwa sababu vikikosekana hakuna timu. Kinachobaki kigawanywe sawa kwa wote, au kianzie kwa wanaolipwa kidogo. Msimlipe nyota kimyakimya. Siri ya fedha ndani ya timu haidumu hata siku mbili, na siku ikifichuka mtakuwa mmepoteza kumi na saba kwa kumbakiza mmoja.

Wale watatu msiwafukuze kabla ya kuwasikiliza. Mara nyingi mmoja amepata kibarua, mwingine nauli imemshinda, wa tatu ndiye aliyekasirika. Kila mmoja ana dawa yake. Mwenye kibarua anaweza kuja siku mbili kati ya nne kwa makubaliano ambayo wenzake wanayajua.

Na viongozi wakumbushwe kwamba uvumilivu una mpaka wa kisheria. Kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji zinatambua kuwa klabu isipolipa mishahara ya angalau miezi miwili, mchezaji akaidai kwa maandishi na kuipa angalau siku 15 za kulipa, ana sababu halali ya kuvunja mkataba. Shirikisho la nchi na mkataba wenyewe vinaweza kuwa na masharti yake, kwa hiyo yasomeni. Posho isiyo kwenye mkataba ni mjadala mwingine, ila ahadi iliyotolewa mbele ya watu 25 nayo ina uzito wake.

Wajumbe wawili wa kamati wanasema tumechezewa kichawi. Wanataka shilingi laki nne kutoka mfuko wa timu ziende kwa mtaalamu, na baadhi ya wachezaji wanawaunga mkono. Nikikataa nitaonekana naihujumu timu. (Mhazini, Pwani)

Usibishane nao kuhusu kama uchawi upo. Ubishi huo hautaisha, na utaigawa timu mafungu mawili kabla ya Jumapili. Bishana kuhusu mfuko. Fedha za timu zina matumizi yaliyoidhinishwa, yenye risiti, na huyo mtaalamu hatoi risiti. Anayetaka kuchangia kutoka mfukoni mwake ni mtu mzima.

Imani ya namna hii hushika kasi pale ambapo kufungwa hakujaelezwa. Ndiyo maana tulimshauri mwalimu wa Morogoro aanze na daftari: mchezaji aliyeonyeshwa kwamba goli linaingia kwa sababu hapana mtu ukingoni mwa kumi na nane ana mahali pengine pa kupeleka macho. Wasiofundishwa sababu watajitafutia.

Kuna na gharama za wazi. Mchezaji anayeambiwa asipite mlango fulani, asimpe mkono mpinzani, asipashe misuli upande ule wa uwanja, anaingia kwenye mechi akili ikiwa kwenye masharti. Bodi ya Ligi Kuu ya Tanzania imewahi kuzitoza faini klabu zilizoingia kwa mlango usio rasmi, na faini nayo hutoka kwenye mfuko ule ule. Halafu siku mtaalamu akishindwa, na lazima kuna siku atashindwa, lawama inageukia ndani: "kuna mtu kavunja masharti." Hapo wachezaji wanaanza kuchunguzana. Kipigo cha 5-0 hakiharibu chumba cha wachezaji kama tuhuma hiyo.

Wape nafasi ya dini bila kuigeuza mkutano. Dakika mbili kabla ya kutoka chumbani, kila mtu kwa imani yake, Mwislamu na Mkristo, kimya kimya au kwa dua fupi. Inatosha.

Kipa wetu, kijana wa miaka 20, alifungwa magoli mawili ya kizembe mechi iliyopita. Tangu hapo hatoki golini, krosi zinapita, na mabeki wanamzomea. Kipa wa pili ni wa kawaida tu. Nimweke benchi? (Mwalimu, Dodoma)

Lolote utakaloamua, amua mapema katika wiki na umwambie mwenyewe, mkiwa wawili, kabla hajalisikia kwa mtunza vifaa. Kipa anayesubiri hadi Jumapili saa nane mchana kujua kama anacheza hajafanya mazoezi wiki nzima, amefanya mtihani.

Ushauri wetu: akiwa mzima kiafya, na kabla ya hapo alikuwa akidaka vizuri, mpe mechi mbili zaidi. Mweleze kuwa ni mbili, na kwamba zikiisha mtakaa tena. Muda uliotajwa unatuliza. "Tutaona" inamla mtu.

Mazoezi yake yaanze na rahisi. Dakika kumi za mipira ya mikononi kutoka mita nane, seti za mipira minane, alenge kudaka yote bila kuangusha. Akidaka seti mbili safi, ongeza nguvu ya shuti. Kisha krosi: kwanza bila mtu, halafu na mshambuliaji mmoja anayesimama tu, siku ya tatu wawili wanaoruka naye. Kila hatua krosi kumi. Kosa linalofanyika sana ni kumpiga kipa aliyeyumba mashuti thelathini ya karibu "ili aamke." Yanamwingia ishirini na tano, wenzake wanacheka, na unakuwa umemthibitishia alichokiogopa.

Mfundishe pia la kufanya sekunde chache baada ya kosa. Makipa wakongwe wana mazoea yao: anakunywa maji, anafunga upya glavu, anamwita beki wa kati na kumpa kazi ya mpira unaofuata, "kaa kwa namba tisa, mimi nachukua krosi." Kazi ya maneno hayo ni kumtoa kwenye goli lililopita, hata kama beki hakuyahitaji.

Lakini ugonjwa wenyewe huenda uko kwa mabeki. Wasipomwamini kipa, wanarudi nyuma mita tano hadi kumi ili wamlinde. Wakirudi, wanamziba macho, krosi zinapigwa karibu zaidi na goli, na anafungwa tena. Halafu wanasema, "si tulisema?" Wapige marufuku kurudi: weka koni kwenye mstari wa kumi na nane mazoezini, na krosi ikitoka pembeni, atakayekuwa nyuma ya koni kabla mpira haujapigwa anatoa faulo. Na kuzomea kukome siku hiyo hiyo, kwa amri yako, bila mjadala.

Kamati inataka kumtimua kocha. Wajumbe wanatoa mfano wa Ivory Coast: walimwondoa kocha katikati ya AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) na wakabeba kombe. Mimi ni katibu, sijashawishika. (Katibu wa klabu, Zanzibar)

Mfano ni wa kweli, ila husimuliwa nusu. Tarehe 22 Januari 2024, Ivory Coast wakiwa wenyeji walifungwa 4-0 na Guinea ya Ikweta, baada ya Nigeria kuwafunga 1-0. Kocha Jean-Louis Gasset akaondoka tarehe 24. Jioni hiyo hiyo Morocco wakaifunga Zambia 1-0, na Ivory Coast wakapenya wakiwa timu ya mwisho kati ya nne zilizofuzu kwa nafasi ya tatu. Yaani walifufuliwa na mechi ambayo hawakucheza.

Nusu ya pili ndiyo inayosahaulika. Aliyekabidhiwa timu, Emerse Faé, alikuwa msaidizi kwenye benchi lile lile. Hakuhitaji kujifunza jina la mtu. Halafu Sébastien Haller na Simon Adingra, waliokuwa majeruhi mashindano yalipoanza, wakarudi. Adingra alisawazisha dhidi ya Mali dakika ya 90, timu ikiwa na watu kumi. Haller alifunga goli pekee la nusu fainali dhidi ya DR Congo. Kwenye fainali ya Februari 11, Nigeria walitangulia, Kessié akasawazisha, Haller akamaliza 2-1, na Adingra alihusika kutengeneza yote mawili. Mashujaa wawili waliotoka chumba cha daktari hawapatikani kwa barua ya kumfukuza kocha.

Mfano wa nyumbani uko kwenye mashindano hayo hayo. Taifa Stars, timu ya taifa ya Tanzania, walifungwa 3-0 na Morocco, kisha kocha Adel Amrouche akafungiwa na CAF, shirikisho la soka la Afrika, kwa matamshi yake. Timu ikashikwa na Hemed Suleiman, anayejulikana kwa jina la Morocco (watangazaji walipata tabu wiki ile). Stars wakaongoza dhidi ya Zambia kwa goli la Simon Msuva dakika ya 11, wakasawazishiwa na Patson Daka dakika ya 88, kisha wakatoka 0-0 na DR Congo. Pointi mbili, na safari ya kurudi nyumbani. Mtu wa ndani aliituliza timu. Hakuigeuza kuwa nyingine, na kwa siku saba asingeweza.

Waulize wajumbe maswali haya kabla ya kura. Nani atasimama mazoezini kesho asubuhi, na anawajua wachezaji kiasi gani? Kuna nini kilichokosekana ambacho kinarudi hivi karibuni, majeruhi au waliofungiwa? Magoli tunayofungwa yanatokana na mafunzo, au na vijana wanaolala njiani kwa kukosa gari la mapema? Fidia ya anayeondoka italipwa na nani? Kama posho zinadaiwa, kocha mpya atarithi vijana wale wale na deni lile lile, pamoja na deni la kocha wa zamani.

Kama majibu bado yanaelekeza kumwondoa, fanyeni siku inayofuata mechi, mwenyekiti awaambie wachezaji mwenyewe kabla habari haijafika redioni, na msaidizi ashike timu kwa mechi zilizotajwa idadi.

Sisi ni timu ya akina dada hapa Kakamega. Tulikuwa 24, sasa mazoezini tunafika tisa. Grupu la WhatsApp limejaa matusi kila tukipoteza. (Naibu kocha, Kenya)

Kocha, grupu kwanza, maana hilo unalimaliza leo. Badilisha mpangilio wasimamizi peke yao waweze kutuma, kuanzia filimbi ya mwisho hadi saa 24 baadaye. Baada ya hapo fungua, ukianza na ujumbe wa ratiba. Mashabiki na jamaa wawe na grupu lao. Matokeo ya mechi yasijadiliwe kwa maandishi kabisa, yangoje kikao.

Kuhusu kumi na tano waliopotea, usitume ujumbe wa jumla. Piga simu moja moja, au wagawe: kila mmoja wa tisa wanaofika apewe jina moja au mawili ya kufuatilia. Swali liwe moja, "nini kinakuzuia saa hii?" Andika majibu. Kwa timu za wanawake utaona mambo ambayo hayasemwi kikaoni: mazoezi yanaisha giza likiwa limeingia na njia si salama, mama anataka msaada wa kupika jioni, hedhi na uwanja usio na choo wala maji. Sogeza mazoezi yaanze saa tisa na nusu alasiri, yamalizike saa kumi na moja. Weka pedi kwenye begi la huduma ya kwanza bila kutangaza. Wazazi wawili watatu ukiwatembelea wewe na nahodha pamoja, watano watarudi.

Wakati huo huo usiwafanyie tisa mazoezi ya watu 24 kwa huzuni. Tisa ni wanne kwa wanne na mmoja huru anayecheza na timu yenye mpira. Anzeni kwa dakika iliyotangazwa hata kama wamefika sita, na mmalize kwa wakati. Usitumie dakika kumi kuwakemea waliofika kwa sababu ya wasiofika. Hilo tunaliona kila mahali, na wiki inayofuata wanabaki saba.

Mkifika 14, rudisheni mazoezi ya kona.